Kifutu Hafi Akizaa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, Mjuzi wa yaliyomo matumboni kabla hayajazaliwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, makala ya Ijumaa ya leo inaanza na kosa langu mwenyewe. Nimelinyamazia kwa miaka mingi, na sasa naona kulisema kuna faida zaidi kuliko kulificha.

Nikiwa khatibu kijana nilialikwa kuswalisha Ijumaa katika msikiti mmoja wa kijiji huko Newala, si mbali na ule ukingo wa uwanda ambao wenyeji wameuita Shimo la Mungu, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake kuelekea Msumbiji. Wiki ile kijiji kilikuwa kimemzika mwanamke kijana aliyefariki wakati wa kujifungua. Nikaona ni wajibu wangu kuzungumzia haki ya mama. Nikasema juu ya mimbari kwamba Mwenyezi Mungu ametuwekea mfano katika viumbe vyake: kifutu, yule nyoka mnene ambaye wengine humwita bafe, hazai ila kwa kufa, watoto wake humla tumbo kwa ndani, wakalipasua na kutoka, naye akabaki maiti. Nikaongeza kwamba kinyonga naye hupasuka hivyo hivyo. Nikahitimisha kwamba hiyo ndiyo hali ya uzazi, mama hutoa roho yake ili mwana aishi, basi tuwe na subira. Watu walilia, nami nikashuka nikidhani nimewaidhi.

Baada ya swala, watu walipokwisha kutawanyika, alinijia mzee mmoja. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa ndiye baba wa marehemu. Akanisalimu kwa adabu, akaketi, akasema kwa sauti ya chini: "Shehe, niwie radhi. Mimi ni mkulima wa mikorosho tangu utoto wangu. Kifutu nimemwona akizaa kwa macho yangu haya, chini ya mkorosho wangu mwenyewe. Watoto walitoka mmoja mmoja, nikahesabu hadi 22 nikachoka. Alipomaliza aliondoka zake na uhai wake. Hafi, shehe. Na mwanangu hakufa kwa kuwa uzazi ndivyo ulivyo. Alianza kutokwa na damu alfajiri, na sisi tukatafuta gari mpaka alasiri."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mzee wangu, nisamehe," naye akasema amekwisha kunisamehe. Lakini maneno yake niliondoka nayo, nikateremka nayo hadi Masasi, na bado ninayo.

YAI LINALOANGULIWA TUMBONI

Nilipojaaliwa kuingia chuo kikuu, niliwatafuta wanaosomea wanyama nikawauliza habari za kifutu. Nikakuta kwamba mkulima yule alikuwa sahihi na khatibu alikuwa amekosea.

Tangu utotoni tumezoea kuwagawa wanyama makundi mawili, wanaozaa na wanaotaga. Madrasani tulipewa kanuni ya kale ya Waarabu, kwamba kila mwenye masikio ya nje huzaa, na asiye na masikio ya nje hutaga. Kwa mbuzi na kuku kanuni hiyo inatosha. Lakini liko kundi la tatu lililo baina ya hayo mawili. Mnyama wa kundi hili yai lake huumbika kama mayai mengine, likiwa na kiini chenye chakula cha mtoto. Badala ya kulitaga, mama hulibakiza tumboni mwake. Mtoto hukua kwa kula kile kiini, si kwa kulishwa na damu ya mama kupitia kondo kama mwana wa binadamu. Siku zake zikitimia, utando wa yai hupasuka ndani ya tumbo la mama, au wakati ule ule wa kutoka, na mtoto huzaliwa akiwa hai na amekamilika. Wataalamu wa leo husema kwamba mpaka baina ya makundi haya haukuchorwa kwa mstari mmoja, kwani wapo akina mama ambao, juu ya kile kiini, huwapa watoto wao maji na hewa kupitia utando mwembamba, na wengine huwapa hata chakula kidogo.

Kifutu ni wa kundi hilo. Hana masikio ya nje, wala hanyonyeshi, lakini huzaa. Kwa kawaida huzaa watoto 20 hadi 40 kwa uzazi mmoja. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa akifugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Czech, alizaa watoto 156, nayo ndiyo idadi kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa kwa nyoka yeyote. Kila mtoto hutoka akiwa amefunikwa na utando mwepesi, huuchana kwa muda mfupi, akaanza kutambaa. Huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi.

Na mama je? Mama huishi. Amebeba mzigo mzito kwa miezi kadhaa, amekuwa mzito wa kutembea na mara nyingi amekula kidogo, hivyo hudhoofika. Kisha hupumzika, huwinda, hurudisha nguvu zake, na huweza kuzaa tena. Faida ya taabu hiyo iko wazi. Yai lililotagwa ardhini liko katika hatari ya baridi, ukame, siafu na kenge. Lililomo tumboni, mama huhama nalo, hulipeleka juani likihitaji joto na kivulini jua likizidi. Si nyoka wote wako hivyo. Koboko na swila hutaga mayai, na chatu hutaga kisha akajizungusha juu ya mayai yake kuyalinda. Mola mmoja, na njia alizoweka ni nyingi.

NGANO HII IMETOKA WAPI?

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wazima wenye akili, nami nikiwa miongoni mwao, tuliamini kwamba kifutu hupasuka. Nadhani chanzo chake ni jembe. Mkulima anayepalilia hukutana na kifutu jike mwenye mimba, mzito, asiyekimbia. Humpiga, tumbo likapasuka, na kutoka humo watoto wakatambaa wakiwa hai. Mwenye kuona hayo kwa mbali atasema watoto wamempasua mama yao, na hatakumbuka kwamba aliyempasua ni yeye.

Kwa nge iko sababu nyingine. Nge wote huzaa, hawatagi. Watoto wake weupe, laini, humpanda mama mgongoni na kukaa hapo hadi wajivue gamba lao la kwanza. Aliyemwona nge amefunikwa na watoto mgongoni husema wanamla, kumbe amewabeba. Ama kinyonga wetu wa kawaida, yule anayevuka barabara ya Masasi kwa hatua za kusitasita, yeye hata hazai. Huchimba shimo, akataga mayai kwa makumi, akayafukia, na watoto huibuka baada ya miezi mingi. Lakini huko Mlima Meru na katika nyanda za juu za Kenya yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu kichwani, na jike wake huyahifadhi mayai tumboni mpaka watoto wawe tayari, akawazaa juu ya matawi. Hata yeye hapasuki.

Na isidhaniwe kwamba ngano hizi ni ujinga wa watu wa Kusini peke yao. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), aliandika kwamba watoto wa nyoka wa jamii ya kifutu humla mama yao tumbo wakatoka, kwa kulipiza kisasi cha baba yao. Karne moja baadaye Aristotle aliandika jambo lililo karibu na ukweli, kwamba nyoka huyo hufanya mayai ndani kisha akazaa nje. Vitabu vyake vya wanyama vilifasiriwa kwa Kiarabu, na mwanachuoni wa Basra, al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alivitumia katika kitabu chake kikubwa cha wanyama. Aliheshimu elimu ya Myunani huyo na kumwita bwana wa mantiki, lakini hakukubali kila alichokisoma. Aliuliza wawindaji, mabaharia na mabedui, akapima maneno ya kitabu kwa macho ya walioona. Huo ndio mwendo wa wanachuoni wetu. Mimi niliuacha siku ile, kwa kuwa ngano iliniliza mimi mwenyewe kabla ya kuwaliza wengine.

ISHARA ZILIZO KARIBU NASI

Laiti ningejua, ningekuwa na mambo ya kweli ya kuwaeleza watu yaliyo makubwa kuliko ngano ile, tena yaliyomo katika nchi yetu hii.

Katika misitu ya Kusini yuko jamaa wa kifutu aliye mkubwa zaidi, mwenye mapambo mgongoni mfano wa zulia, anayejulikana duniani kwa jina la nchi ya Gabon. Meno yake ya sumu hufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote, naye huzaa kwa njia hiyo hiyo. Mwingereza Ionides, aliyeishi Liwale na kuitwa Bwana Nyoka, alitumia miaka yake hadi kufa kwake mwaka 1968 akiwakamata na kuwachunguza nyoka wa upande huu. Alikuja kusoma katika mashamba yetu yale ambayo sisi tuliyapita kila asubuhi.

Ukienda milima ya Udzungwa, penye maporomoko ya Kihansi, utakuta chura ambaye Watanzania wengi wamesikia jina lake. Vyura tuliowazoea hutaga majini, na mayai yao huwa viluwiluwi. Chura wa Kihansi, ambaye akikua hazidi sentimita 3, huyaweka mayai tumboni, yakaanguliwa humo, na vikatoka vyura wadogo kamili wenye urefu wa milimita 5 hivi. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati bwawa la umeme wa megawati 180 likijengwa juu yake. Maji yalipogeuzwa, manyunyu aliyoyategemea yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuhifadhiwa. Waliobaki wakaangamia, ukiwamo ugonjwa wa ukungu wa ngozi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Mwaka 2010 walianza kurejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakarudishwa bondeni kwao. Wako walioifanyia mzaha habari hiyo, wakiuliza thamani ya chura mbele ya umeme. Umeme ni haja ya watu na sipingi haja hiyo. Lakini Muislamu anayejua kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa alikataza asiuawe, kama alivyopokea Abu Daud, hana budi kusita kabla ya kucheka.

Baharini mambo ni hayo hayo. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, anayeonekana karibu na Kilindoni huko Mafia, hakuna aliyejua kwa yakini namna anavyozaa mpaka mwaka 1995, alipovuliwa jike mmoja karibu na Taiwan akiwa na watoto wapatao 300 tumboni, baadhi yao wakiwa bado katika mayai na wengine wamekwisha kuanguliwa. Naye silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za kale mno hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alipatikana Kilwa mwaka 2003, kisha wengi Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Mayai yake ni makubwa kama chungwa, nayo huanguliwa ndani ya mama. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba yake huchukua miaka kama mitano.

Wauza samaki wa Mtwara na Masasi wameniuliza mara kadhaa: watoto wa papa wanaokutwa tumboni ni halali? Jibu ni kwamba viumbe wa baharini hawahitaji kuchinjwa. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Ama mtoto anayekutwa amekufa katika tumbo la mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii kuchinjwa kwa mama yake kunamtosheleza. Kifutu yeye haliwi, na hakuna ubaya kumuua anapohatarisha watu, kwani tumeruhusiwa kumuua nyoka na nge hata tukiwa ndani ya swala.

Nami niseme hapa jambo la tahadhari kwa wenye mashamba. Kwa kuwa kifutu huzaa watoto wengi mahali pamoja, na rangi yao hufanana na majani makavu ya mkorosho, muokota korosho aweza kuwakuta bila kutazamia. Wako wanaosema nyoka mdogo hana sumu. Si kweli, sumu wanayo tangu saa ya kuzaliwa. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana damu. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, awahishwe hospitali. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi wao ni wakulima maskini kama sisi.

QUR'ANI IMETUFUNDISHA NINI?

Katika Suratun Nur, aya ya 45, Allah (S.W.) anatueleza kwamba ameumba kila mnyama kutokana na maji, na kwamba wako wanaokwenda kwa matumbo yao, wako wa miguu miwili na wako wa minne, na kwamba huumba atakacho. Aliyeanza kutajwa hapo ni mwenye kwenda kwa tumbo. Katika Suratul An'am, aya ya 38, anatueleza kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Na katika Suratur Ra'd, aya ya 8, anatueleza kwamba Yeye anajua kila jike alichokibeba, na kinachopungua matumboni na kinachozidi, na kwamba kila kitu kwake kina kipimo.

Ndugu msomaji, zingatia neno hilo la kipimo. Yai la kifutu limepimiwa chakula chake tangu kabla mtoto hajaumbika. Limepimiwa siku zake. Utando umepimiwa unene, uwe imara wakati wa kulinda na uwe mwepesi wakati wa kutoka. Na tumbo la mama limepimiwa nguvu ya kubeba watoto 30 na kuwatoa mmoja baada ya mwingine bila kupasuka. Mimi nilikuwa nimeacha kipimo hiki cha Mola wangu, nikawapa watu ngano ya Kiyunani iliyovaa kanzu.

Na Mola huyo huyo ametukataza, katika Suratul Israa, aya ya 36, kufuata tusiyo na elimu nayo, akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Imamu Muslim amepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba yatosha kuwa uongo mtu kusimulia kila alisikialo. Ikiwa hilo ni kwa mtu wa kawaida barazani, vipi kwa khatibu ambaye waumini wameamrishwa wanyamaze wamsikilize?

Baadhi ya ndugu zangu watasema: madhumuni yalikuwa mema, watu wawapende mama zao, je, ngano kidogo ina dhara gani? Nami nilidhani hivyo. Dhara yake niliiona katika uso wa mzee yule. Ngano yangu ilikuwa imemwambia kwamba kifo cha binti yake kilikuwa sehemu ya uzazi, kama maumivu, kama kilio cha mtoto. Ilikuwa imewaondolea watu wote waliokuwa msikitini swali ambalo walipaswa kujiuliza: kwa nini gari lilikosekana tangu alfajiri hadi alasiri?

Na hata kama kifutu angekuwa hufa kweli, hoja yangu isingesimama. Wako wanyama ambao mama hufa baada ya kuzaa. Wavuvi wetu wanajua kwamba pweza jike hukaa na mayai yake bila kula mpaka yakaanguliwa, kisha akafa. Lakini mwanamke si pweza, na sheria ya Allah haichukuliwi kutoka katika pango la pweza. Mwanamke ni mwanadamu aliyekirimiwa, na uhai wake ni amana juu ya mumewe, ndugu zake na jamii yake.

KADARI NA SABABU

Mtu ataniuliza: Shehe, je, ajali si imekwisha kuandikwa? Naam, imeandikwa, na hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Allah. Lakini ajali iliyoandikwa ni siri ya Allah, na sababu zilizowekwa ni amri kwetu. Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akielekea Sham mwaka 18 Hijria na akasikia kwamba kuna tauni, aliamua kurejea. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Gari la kumpeleka mzazi hospitali ni kadari ya Allah pia.

Tazama kisa cha Bibi Maryam katika sura iliyopewa jina lake, kuanzia aya ya 23. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akiwa peke yake. Mola anayeweza kumshushia chakula kutoka mbinguni alimwekea kijito cha maji chini yake, kisha akaamrishwa alitikise shina la mtende ili tende mbivu zimwangukie, ale, anywe na atulie. Mwanamke aliye katika uchungu ana nguvu gani ya kutikisa mtende? Lakini ameamrishwa sababu. Na angalia alichoandaliwa: maji, chakula na utulivu. Katika kisa hicho chote hakuna aliyesema kwamba uzazi ni hukumu ya kifo.

Kweli, Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwanamke anayekufa kwa uzazi kuwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kubwa kwa waliofiwa, na ningeisema siku ile ingetosha. Lakini daraja ya shahidi ni zawadi ya Allah kwa aliyekufa, haikuwekwa iwe udhuru wa walio hai walioweza kumsaidia wasimsaidie.

Kwamba vifo hivi vinaweza kupunguzwa si maneno ya matumaini matupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hao waliosalimika hawakuokolewa kwa hali ya uzazi kubadilika, kwani wanawake huzaa leo kama walivyozaa bibi zao. Yaliyobadilika ni yale tuliyoyafanya sisi wanaadamu kwa tawfiki ya Allah. Na hao 104 waliobaki nao wana baba na mama zao.

WAJIBU WETU

Wauguzi hutufundisha kwamba mama hupotea kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Wa tatu ni wa serikali na watumishi wake, nao wataulizwa. Miwili ya mwanzo iko nyumbani na msikitini kwetu.

Kuchelewa kuamua ni pale mume yuko safarini na hakuna anayethubutu kutoa ruhusa, au wazee wanasema tungoje hadi asubuhi. Naandika wazi: damu ikitoka kwa wingi, degedege likishika au homa ikipanda, hakuna ruhusa ya kungojewa. Anayemchelewesha mama kwa jina la dini, dini haimo katika jambo hilo.

Kuchelewa kufika twakujua sote tuliokulia baina ya Masasi na Newala. Fedha ya korosho huja mwishoni mwa mwaka, na mimba haifuati msimu wa mnada. Mvua zikinyesha, barabara za vijijini hukatika. Basi kila msikiti uwe na mfuko wa dharura ya wazazi, hata ukianza kwa kilo moja ya korosho kwa kila nyumba wakati wa mavuno. Kijiji kijue mapema ni gari gani na ni bodaboda ya nani itaitwa usiku. Vijana wa madrasa waliotimiza umri wajitokeze kutoa damu, kwani chupa ya damu huokoa pale ambapo dua peke yake imekosa mikono. Nasi tumeambiwa katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kana kwamba amewahuisha watu wote.

Na kwa makhatibu wenzangu nina ombi moja. Kabla ya kupanda na mfano wa mnyama, tumuulize kwanza mkulima, mvuvi au mwalimu wa sayansi wa shule iliyo jirani. Akitwambia sivyo, tuushukuru ukweli na tuuache mfano. Dini ya Allah haikuhitaji ngano ili isimame, na kazi za mikono yake zilizomo chini ya mikorosho yetu zinatutosha kwa mawaidha mpaka tufe.

Mzee yule alikwisha kutangulia mbele ya haki. Sikuwahi kurudi kwenye mimbari ile kusahihisha niliyoyasema, na waliokuwapo siku ile wengi wao hawapo tena. Basi nasahihisha hapa: kifutu hafi akizaa, wala uzazi haukuwekwa na Allah uwe kaburi la mama. Naomba aliyesikia kosa langu amfikishie mwenziwe usahihisho huu.

Ewe Mola, warehemu mama zetu waliofariki katika uzazi na uwapokee katika mashahidi, wahifadhi wenye mimba leo katika Masasi, Newala na kila mahali, na utujaalie elimu yenye manufaa na ulimi mkweli. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.